Mtandio wa elfu tisini na mwenzake wa elfu kumi na tatu

"Sasa upi ndo wa elfu tisini?"

Mama mdogo kauliza hivyo Jumapili moja mchana, tumekaa chini kwenye mkeka pale sebuleni, nimemtandazia mitandio miwili niliyokuja nayo kutoka Ahmedabad, India, nilikompeleka kutibiwa, ili achague mmoja. Yote bluu iliyokolea ya nili, yote ina nyota nyekundu zilizozungukwa na vidoa vyeupe, yote ina pindo la mistari huku na huku. Lebo nilishazitoa kulekule kabla ya kufunga begi, si mnajua tena uwanja wa ndege wakiona lebo wanataka kujua unafanya biashara gani.

Nikaangalia wa kulia. Nikaangalia wa kushoto. Nikashika, nikanusa (ndio nilinusa, acheni), nikasogea nao dirishani.

Sijui.

Mimi niliyelipa, mimi niliyemtambia mama mdogo palepale wodini kwamba leo nimenunua kitu orijino, sijui. Akanitazama kwa ile huruma yake, akasema "basi iweke tu mwanangu, nitachagua siku nyingine," akawasha tivii. Mi tangu siku hiyo hilo swali limenikaa kama uzi wa nyama kwenye jino, wiki sita sasa.

## Bei zinazoishia 99

Safari za matibabu India sina haja ya kuwaelezea, kila ukoo hapa mjini una mtu wake aliyeenda. Nachotaka kusema ni kwamba kati ya kipimo na kipimo kuna siku nyingi za kukaa bure, na Ahmedabad sio mji wa kukaa bure kama unapenda nguo, ule mji umekuzwa na viwanda vya pamba mpaka ukaitwa Manchester ya India. Kwa hiyo mgonjwa akilala mi nachukua bajaji mpaka Dhalgarwad, soko la vitambaa la mji wa zamani, vichochoro vimebanana kama Kariakoo siku mbili kabla ya Iddi.

Mtandio wa kwanza niliununua huko, kwenye meza ya nje, rupia 450 baada ya kuvutana, kama elfu kumi na tatu ya kwetu. Wa pili niliununua siku mbili baadaye kwenye duka la brandi ndani ya moli, rupia 3,199, ndo ile elfu tisini yenyewe. Lebo inasema umechapwa kwa mkono, kwa vibao vya mti. Kiyoyozi, muziki wa taratibu, binti anakuletea maji ya kunywa. Hapohapo nikabeba na kurta, lile shati refu la Kihindi, ya 2,499 kwa sababu, basi tu.

Hizo 99 nilidhani ni ule ujanja wa siku zote wa kuifanya bei ionekane ndogo. Kumbe kule kuna na mkono wa kodi. Tangu Septemba 2025 nguo isiyozidi rupia 2,500 inatozwa 5%, ikivuka hapo ni 18%. Yaani kurta ya 2,499 na ya 2,999 zinaweza kuwa zimeshonwa na fundi mmoja siku moja, tofauti ni imeangukia upande gani wa mstari. Zamani mstari wenyewe ulikuwa kwenye 1,000, na nadhani ndio maana ukipita masoko yao 999 zimejaa.

Alafu kila lebo ina bei ya juu kabisa, wanaiita MRP, muuzaji haruhusiwi kuivuka ila kushuka ruksa. Sasa dari anaipanga nani? Brandi yenyewe. Kwa hiyo ukiona "nusu bei" ujue dari lilipandishwa kwanza ili ushushiwe vizuri, na unatoka dukani umefurahi. Sina ugomvi nao sana, pango la moli nalo sio mchezo, na nguo zinazorudishwa na zinazododa lazima mtu azilipie.

Ila yote hayo yananiambia habari za lebo. Mi lebo nilishazitupa, nimebaki na vitambaa.

## Tak tak tak

Kuna kitu nilikiona Dhalgarwad ambacho wakati ule nilikichukulia kama kionjo tu.

Muuzaji mmoja alikuwa na bandhani, kitambaa kinachofungwa fungwa kwa uzi kabla ya kutiwa rangi, bado imefungwa. Hujaiona ikiwa hivyo? Ni kama kitambaa kilichosinyaa, kimejaa vipele vidogo, kila kipele kimezungushiwa uzi. Akaita mwenzake, mmoja akashika huku mwingine huku wakavuta kwa nguvu kwa mshazari, nyuzi zikaanza kuruka tak tak tak tak, na kila kipele kikafunguka kikawa kidoa. Wanaiuza imefungwa makusudi, ili uone kwa macho yako kwamba kuna mtu alikaa akafunga. Wanawake wa Kutch na Jamnagar, jimbo hilohilo la Gujarat ilipo Ahmedabad, wanaofanya hiyo kazi wengine wanafuga ukucha wa kidole cha mwisho kwa ajili ya kunyanyulia kitambaa tu, kipele kimoja kimoja, maelfu.

Ilipofunguka yote nikaona maua manne, yametazamana kama mtu na kioo. Nikasema hawa watu wana akili gani ya kupatanisha hivi?

Hawapatanishi. Wanakunja.

Kitambaa kinakunjwa mara mbili, kinakuwa tabaka nne, unafunga kipele mara moja kinakamata zote nne. Kazi ya robo, ua zima. Ule ulinganifu niliokuwa naushangaa kama urembo ni mama mmoja anajipunguzia kazi, hana muda, ana watoto, ana chapati motoni. Na ukiangalia kwa karibu zile robo nne hazifanani kabisa, tabaka la juu kidoa kimekaza, la chini kimelegea kidogo, maana uzi haubani sawa kote.

Nilipolielewa hilo (nikiwa Dar tayari, usiku, sina usingizi) nikaanza kuona kila kitu kimekunjwa. Chukua kanga yako yoyote. Lile pambo la korosho, Wahindi wengine wanaliita kairi, embe bichi, wao embe sisi korosho, lenyewe limepinda shingo, halina ulinganifu hata kidogo. Ndio maana mara nyingi haliwekwi peke yake, linawekewa mwenzake linatazamana naye, au yanakaa manne kila moja pembeni kwake, na mji wa kanga unatulia.

Jiwe ndo halikunjwi. Hapohapo Ahmedabad kuna msikiti wa Sidi Saiyyed, wa mwaka 1573 hivi, aliujenga mtu mwenye asili ya Uhabeshi, na dirisha lake maarufu ni mti uliochongwa kwenye jiwe mpaka matawi yanaonekana kama lesi. Tulisimama pale na mama mdogo akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Matawi yanajisokota yanavyotaka. Kwenye jiwe kufananisha hakukupunguzii kazi, utachonga kulia na utachonga kushoto vilevile.

## Nyota na sukari guru

Turudi kwenye mitandio. Dizaini ile inaitwa Ajrakh, kwao ni Kutch na Sindh ya Pakistan, na kule Kutch wenye kazi yao ni Wakhatri, jamii ya wachapaji, wa vijiji vya Dhamadka na Ajrakhpur. Ajrakhpur ni kijiji kipya, kilianzishwa baada ya tetemeko la Januari 2001 kwa sababu maji ya Dhamadka yalishaharibika, na Ajrakh bila maji mengi mazuri haifanyiki. Kitambaa kinafuliwa, kinalowekwa, kinapigwa chapa ya chokaa na gundi pale panapotakiwa kubaki peupe, kinapigwa nyeusi inayotengenezwa kwa kuvundika vyuma chakavu na sukari guru, kinazamishwa kwenye nili, kinaanikwa, kinafuliwa tena, kinachemshwa kupata nyekundu. Hatua zaidi ya kumi na mbili. Nilipofika kwenye sukari guru nilicheka peke yangu.

Na kila rangi ina kibao chake cha msaji, ukubwa wa kiganja hivi, kimechongwa ili kikae juu ya alama ya mwenzake. Mchapaji anapiga, anasogeza, anapiga, anasogeza, macho yake ndo rula.

Wanahisabati wana neno kwenye hili. Mrusi mmoja, Fedorov, alithibitisha mwaka 1891 kwamba ukitaka kujaza uso bapa kwa pambo linalojirudia, ulisogeze, ulizungushe, uliakisi, uliburute kama nyayo mchangani, njia ni 17 basi, hakuna ya 18. Hesabu hiyo ilinipumzisha akili sana, sijui kwa nini. Kama njia zenyewe ni 17 basi mwenye mashine na mwenye kibao wanachota kisima kimoja, na kuangalia dizaini peke yake hakuwezi kunisaidia.

Niangalie makosa.

## Sentimita 64

Nilichukua rula ya shule ya mdogo wangu.

Mtandio mmoja, karibu na pindo, kuna nyota ambayo ncha yake imeparamia mstari mweupe. Kosa zuri kabisa, kibao kilisogea. Nikafurahi, nikasema huyu hapa ndo wa mkono, huyu ndo wa elfu tisini, nikapima ili niandike: sentimita 40 kutoka ukingoni. Nikaendelea kushuka na kidole.

Sentimita 104. Nyota ileile, ncha ileile, imeparamia mstari uleule.

Sentimita 168. Tena.

Sikuelewa mara moja, nilidhani macho. Nikapiga picha tatu kwa simu nikaziweka pamoja. Kosa moja, mara tatu, tofauti 64 kila mara. Nikaanza kusoma, nikakuta mashine za kuchapa vitambaa zinatumia silinda, rangi inatoka kwenye vitundu, silinda ikimaliza mzunguko inaanza upya, na mzunguko unaotumika sana duniani ni sentimita 64.

Kumbe kuna mtu alichukua Ajrakh ya mkono, akaipiga picha, akaiweka kwenye mashine. Na kosa limo. Mkono wa mtu fulani wa Kutch uliteleza siku moja, labda aliitwa, labda nzi, na ule mtelezo umekuwa bidhaa.

Nikauchukua mtandio mwingine. Ulikuwa na makosa kumi na tisa, nimeyahesabu, na hakuna mawili yanayofanana.

Kwa hiyo nikajua upi ni upi. Ningeweza kumwita mama mdogo palepale nikamwonyesha, stori ingeishia hapo, brandi haijanipiga, asanteni kwa kusoma.

Ila nikageuza kona ya kitambaa.

## Kona

Nimewaambia mtandio wa kwanza niliununua kwenye meza ya nje. Sijawaambia kilichofuata siku ileile, kama dakika ishirini baadaye.

Niliingia kwenye duka dogo mlemle Dhalgarwad, la ndani, unapanda ngazi mbili unavua viatu. Mzee mmoja, kanzu nyeupe, miwani. Alikuwa na mtandio kama wangu. Kingereza chake na changu vyote vya kuokoteza kwa hiyo tukaongea kwa kikokotoo cha simu. Akaandika 1,400.

Mi nikacheka. Nikafungua mfuko wangu nikatoa ule wa 450, nikauweka kwenye godoro lake pale wanapotandazia vitambaa, nikaandika 450 nikamgeuzia simu. Kwa ule uso wetu wa sokoni mnaujua, uso wa mimi-sio-mgeni-hapa.

Yule mzee hakusema kitu. Hakukasirika. Alichukua kona ya kitambaa chake kwa vidole viwili akaigeuza, akaishika hivyo mbele yangu. Kisha akachukua kona ya kile changu akaigeuza vilevile. Akanyamaza akanitazama.

Nikadhani anakunja, kwamba biashara imeisha.

Nikavaa viatu nikaondoka, na kichochoro kizima najiona mjanja.

Sasa hapa kwenye mkeka, wiki sita baadaye, nimeshika kona mbili. Ule wa mkono nyuma ni bluu kama mbele, nyota zinaonekana mpaka upande wa pili maana kitambaa kilizama chote kwenye nili. Ule wa mashine nyuma umepauka, mweupe mweupe, rangi imekaa juu kama vumbi. Sekunde mbili tu. Rula haikuhitajika wala Fedorov. Mzee alinionyesha kila kitu nilichokuja kukitafuta kwa mwezi na nusu, na mi nikamwona kama anafunga duka.

Wale mafundi wa kweli wana hata Ajrakh ya kuchapa pande zote mbili, nyuma na mbele zikutane. Hebu fikiria hiyo. Ua lisilolingana ukilipiga upande wa nyuma linatoka kinyume, utahitaji kuchonga kibao kingine. Nyota inayofanana na kivuli chake kwenye kioo, kibao kilekile kinatosha. Mkunjo mwingine tena, wa kuokoa mti safari hii.

Kinachoniuma sio kwamba nilinunua feki. Feki nilijua ni feki, kwa elfu kumi na tatu unategemea nini. Kinachoniuma ni kwamba niliibeba ile feki nikaingia nayo kwenye duka la mwenye kitu halisi nikaitumia kumshushia bei. Na sidhani nilikuwa wa kwanza siku hiyo. Inawezekana hata mimi sikuwa na shida na mtandio wa tatu, nilitaka kushinda tu.

Alafu siku mbili baadaye nikaingia moli, bei imeandikwa, hakuna wa kuvutana naye, nikatoa 3,199 bila hata kugeuza kona.

## Sari ya 9,999

Wale wanaofuatilia fasheni mnakumbuka Agosti 2021, mbunifu Sabyasachi wa Kolkata aliposhirikiana na H&M, wale wauza nguo wa Sweden. Kulikuwa na sari ya rupia 9,999, mzigo ukaisha ndani ya dakika. Chapa zake zilikuwa za mashine ya dijitali, na vikundi vinavyosimamia kazi za mikono vikaandika barua ya wazi kulalamika kwamba unauza sura ya ufundi wa India na fundi mwenyewe hayumo.

Wakati ule niliona wanakuza mambo. Sari ni sari, nani kalazimishwa? Leo nafikiri hesabu yao ilikuwa ya yule mzee wa miwani. Yule mnunuzi wa 9,999 akienda kwa mchapaji akaambiwa elfu kumi na mbili ya mkono, atatoa nini kwenye mfuko wake?

Na brandi yangu ya 3,199 je? Mtandio ni wa mkono, nimehakikisha. Ila niliigeuza ile picha ya lebo niliyobaki nayo kwenye simu, nikasoma herufi zote. Jina la brandi, kodi, ofisi, namba ya malalamiko. Kijiji hakipo, aliyechapa hayupo. Kama mzee wa Dhalgarwad anapata faida kwa 1,400, basi zile 1,799 zilizozidi zimelipia maji ya kunywa na muziki. Sawa. Ila nilimnyima mzee 950 nikampa kiyoyozi 1,799, na nikajiita mjanja mara zote mbili.

## Fundi wangu

Kurta ya 2,499 niliipeleka kwa fundi anipunguzie mikono. Akaiweka mezani hata futi hajashika akasema, "Dada, hawa wamebana kitambaa."

Kaona nini? Kifuani, pale inapofungwa vifungo, nyota ya kushoto haikutani na nusu yake ya kulia, imekatwa kama andazi. Akanielezea huku anakula karanga. Kukutanisha ua kwenye mshono unapoteza kitambaa, lazima usogeze kipande mpaka kilingane, na ua likiwa kubwa ndo unapoteza zaidi. Halafu kuna vitambaa vina juu na chini, kasuku, minazi, maandishi, hivyo huwezi kugeuza kipande kichwa chini miguu juu ili kijipenyeze kwenye nafasi, lazima vyote vielekee upande mmoja, ndio maana kitenge cha ndege anakwambia uongeze nusu mita na unadhani anakuibia. Nyota haina hiyo shida. Nyota ukiigeuza ni nyota.

"Kwa hiyo ya nyota ingekuwa bei rahisi kuliko ya kasuku?"

"Kwangu mimi ndio."

Pale moli kurta za kasuku zilikuwepo, rafu ya pembeni. 2,499. Ya nyota 2,499.

Nikamwuliza akikutanisha hiyo nyota atanidai ngapi. Akasema kitambaa hakipo cha kukutanishia, walishakikata.

## Pembe

Juzi mama mdogo kapata shughuli, hitma ya jirani, akaniambia leta ile mitandio nichague sasa. Nimejiandaa. Nimeshapanga hotuba, nyota, sentimita 64, kona, mzee wa miwani, kila kitu.

Kabla sijafungua mdomo kauchukua ule wa mashine akaukunja kama anavyokunja kanga zake, mara mbili kisha mara mbili, pembe nne zikalala juu ya mwenzake kama kitabu. Akaupapasa. Akauchukua wa mkono akaukunja vilevile. Pembe hazikukutana. Pindo moja limeenda upande kama nusu kidole, nyota za juu na za chini zinapishana. Akaufungua, akaukunja tena taratibu. Bado.

"Huu ndo wa elfu tisini?"

"Ndio mama."

"Umepinda, mwanangu. Wamekupiga."

Akajitanda ule mwingine, akaniomba pini, akatoka.